Sanamu Katika Tundu la Sindano

Katika mtaa wa Dandora, Nairobi, kama kwingineko, vumbi hufagiwa likatupwa. Bwana Hagop Sandaldjian alilifanyia sanamu.

Alizaliwa Alexandria, nchini Misri, mwaka 1931, katika jamaa ya Kiarmenia, na kazi yake hasa ilikuwa muziki: alipiga fidla na kuwafundisha wengine. Alipokuwa Armenia alimfundisha Bwana Eduard Kazarian, na mwanafunzi huyo ndiye aliyemwonyesha ufundi wa sanamu zisizoonekana kwa macho matupu. Mwalimu akakubali kufundishwa na mwanafunzi wake, jambo ambalo si walimu wote walipendalo!

Sanamu zake zilifanywa kwa chembe za vumbi na nywele, zikasimamishwa ndani ya tundu la sindano. Mojawapo ni ya Napoleon, aliyekuwa Kaizari wa Ufaransa. Alitazama kwa hadubini, na chombo chake kilikuwa sindano iliyonolewa mno. Lakini adui yake mkubwa alikuwa mwili wake mwenyewe. Pigo la moyo latosha kuutikisa mkono. Basi alingoja pigo lipite, akagusa mara moja kabla ya pigo la pili kufika. Pumzi ikimponyoka, kazi ya miezi mingi huweza kupeperuka isionekane tena. Na sanamu moja iliweza kumchukua hata miezi 14.

Mwaka 1980 alihamia Los Angeles, Marekani, akafariki mwaka 1990. Baadhi ya sanamu hizo zimewekwa huko huko, katika jumba la Museum of Jurassic Technology.