Mkusanyaji wa Mawe na Mali ya Nchi

Wako watu wamwonao mtu apendaye kukusanya mawe kuwa ni mtu asiye na kazi. Hudhani kwamba jiwe lisilouzwa halina faida, na kwamba mtu mzima aliyeinama kando ya njia ya Kahama akigeuza kokoto ana lake jambo. Fikira hii si ya haki, na hasa haifai kusikiwa Shinyanga na Geita, ambako watu wengi wamepata riziki yao katika mawe kwa zaidi ya miaka themanini.

Tukumbuke habari ya Mwadui. Dkt. John Williamson, Mkanada aliyesomea elimu ya miamba, alizunguka nchi hii miaka kadhaa akifuata dalili ndogo ndogo za mchangani, hata mwaka 1940 akaufikia mwamba wenyewe wa almasi. Mwamba huo, uitwao kimbalaiti, una eneo la hekta 146 usoni mwa ardhi. Oktoba 1947 ikaonekana humo almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5. Williamson akamtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka ule. Ikachongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika pambo la kifuani lililotengenezwa na Cartier. Mwaka 2022 almasi nyingine ya waridi, iliyotoka katika jiwe la Mwadui la karati 32, iliuzwa Hong Kong kwa dola zaidi ya milioni 57. Watoto wa Shinyanga wameziona katika picha, kama waliziona.

Hatusemi kwamba kila almasi ifungiwe kabatini. Nchi yahitaji fedha, na almasi huchimbwa ili iuzwe. Lakini yako mawe yasiyo na bei ambayo ndiyo mama wa hayo yenye bei. Kipande cha kimbalaiti chenye chembe nyekundu za ganeti ni kitu cha kupendeza, nacho humfundisha kijana jinsi almasi ilivyopanda kutoka chini kabisa ya nchi. Huko Geita uko mwamba wa chuma wenye tabaka nyeusi na nyekundu kama nguo ya mistari. Umri wake wapita miaka bilioni mbili na nusu, nao ndio ulioshika sehemu kubwa ya dhahabu ya huko. Upo mwamba mweupe wa kwatsi, na ipo pairiti, ing'aayo kuliko dhahabu yenyewe na kumlaghai kila mgeni.

Jiwe lisilo na maandishi ni kokoto tu. Aongezaye jiwe jipya sharti aandike siku hiyo hiyo: limetoka kijiji gani, duara la nani, kina gani, tarehe gani. Duara hujaa maji au hufukiwa, na mwamba ukipita katika karasha huwa unga. Likisalia jiwe moja lenye maandishi yake, ndilo shahidi wa pekee wa mahali pale.

Sasa twafika penye ugumu. Mfanyakazi aliyebanwa na shida aweza kumjia mkusanyaji jioni na kipande cha kwatsi chenye uzi wa dhahabu ndani yake. Kipande ni kizuri, bei ni ndogo, na mkusanyaji hutetemeka kwa tamaa. Ajue kwamba akikinunua hivyo, atakayepoteza kazi na kufikishwa mahakamani kwanza ni yule mwenzake. Yeye atabaki akiwaonyesha wageni kabati lake. Madini ni mali ya taifa, na sheria haimwachii mtu kununua atakavyo. Soko la madini lilifunguliwa Geita mwaka 2019; mwenye kutaka dhahabu aende huko, adai na hati yake. Wala asiruke ua wa mgodi kwa ajili ya magwangala. Wako waliofuata mabaki hayo wakajeruhiwa.

Kuna na jambo la afya ambalo wengi hulipuuza. Baadhi ya mawe ya dhahabu ya ukanda huu yana aseniki ndani yake, na mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki una sumu ijapokuwa hauna harufu. Mawe ya namna hiyo yasipondwe nyumbani, wala yasiwekwe jikoni, wala watoto wasiyachezee. Mikono ioshwe.

Asiyelijua jiwe lake aulize. Idara ya uchunguzi wa miamba ilianzishwa mwaka 1925, na makao yake yako Dodoma. Kazi yake ni kuzijua ardhi na miamba ya nchi hii. Kwa nini basi chama cha wafanyakazi mgodini, au shule iliyo jirani ya mgodi, isiwe na mkusanyo wake? Trei moja ya mayai yatosha mawe thelathini, na menejimenti ya mgodi ikiombwa kwa barua, haitafilisika kwa kutoa kwa hati vipande thelathini vya mwamba usio na mali. Barua hiyo yaweza kuandikwa wiki hii.