Umekohoa Wiki Tatu? Hii Ndiyo Mashine Inayosoma Makohozi Yako Laivu

Umekaa kwa mathree, siti ya nyuma, na kile kikohozi chako kimefanya abiria wote wafungue madirisha. Wiki ya kwanza ulisema ni vumbi. Wiki ya pili ukanunua dawa kwa kemisti. Sasa ni wiki ya tatu, usiku unaamka shuka imelowa jasho na suruali imeanza kukuhepa kiunoni. Buda, hapo si vumbi tena. Hapo unaenda hosi.

Ukifika, unapewa kijikopo na kuambiwa ukohoe utoe makohozi. Wasee wengi wakiona hicho kikopo wanadhani wamechezwa. Kumbe kinaelekea kwa teknolojia moja noma sana: PCR ya papo kwa hapo, dada ya kile kipimo kilichokuwa kinatuchokora pua wakati wa korona. Wacha tukichanue pole pole.

Mdudu mmoja anakuwa bilioni

Kila kiumbe kina DNA, yaani maandishi yake ya ndani. Bakteria wa TB ana yake, na kuna sehemu zake ambazo huzipati kwako wala kwa mdudu mwingine. Ngori ni kwamba kwa makohozi yako hao bakteria wanaweza kuwa wachache sana. Mtu wa maabara akitumia hadubini, anahitaji kama bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa kila mililita ndio awaone vizuri. Wakiwa chini ya hapo, anaweza kuandika kwamba hajaona kitu, na wewe unarudi keja kukoholea mathe na watoto.

PCR haikodolei macho wale wachache. Inatoa kopi. Fikiria fotokopi pale saiba, lakini hii inachagua ukurasa mmoja tu kutoka kitabu kizima. Kwanza joto linapanda hadi kama nyuzi 95, na zile kamba mbili za DNA zinaachana. Joto likishuka, vipande vidogo vinavyoitwa praima vinang'ang'ania pale tu maandishi yanapolingana na ya mdudu anayesakwa. Kisha kimeng'enya kinajaza upande uliobaki wazi. DNA moja imekuwa mbili. Rudia, zinakuwa 4, halafu 8, halafu 16. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuwa kimepita bilioni moja.

Aliyewaza hii kitu ni Mmarekani Kary Mullis, mwaka wa 1983 huko California, na 1993 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kimeng'enya kinachovumilia joto hilo bila kuharibika kilitoka kwa bakteria anayeishi kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Kama umewahi kufika Bogoria ukaona maji yakitokota ardhini, unajua ni maisha ya aina gani.

Mechi laivu, si matokeo ya kesho yake

PCR ya zamani ilikuwa lazima ungoje mpaka mwisho, ndio uangalie kama kuna kitu. Ni kama kusoma matokeo ya mechi kwa gazeti asubuhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Russell Higuchi na wenzake wakaongeza rangi inayong'aa DNA ikiongezeka, halafu wakaweka kamera. Sasa mashine inaona kila mzunguko ukitokea. Hiyo ndiyo maana ya "papo kwa hapo": unatazama mechi laivu.

Na dakika ya goli la kwanza inasema mengi. Mwangaza ukionekana mapema, tuseme mzunguko wa 20, ujue wadudu walikuwa wengi tangu mwanzo. Ukichelewa hadi wa 30, walikuwa wachache. Kila mzunguko ni mara mbili, kwa hivyo tofauti ya mizunguko 10 ni kama mara 1,000. Mashine imekwambia mdudu yuko, na pia imekukadiria idadi yake.

Kwa wapenzi wa gemu: njia moja maarufu ya kuwasha huo mwangaza inaitwa TaqMan, jina lililochezwa kutoka Pac-Man. Kimeng'enya kinakula kipande chenye taa kikipita, na taa inawaka. Si mchezo.

Virusi vya korona vyenyewe havina DNA, vina RNA. Ndio maana maabara ilianza kwa kuigeuza RNA kuwa DNA, kisha kazi ikaendelea vilevile.

Maabara nzima ndani ya katriji

Zamani kupima hivi kulihitaji vyumba na wataalamu kadhaa. Kisha ikaja mashine inayoitwa GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, liliidhinisha itumike kwa TB mwezi Desemba 2010. Makohozi yanachanganywa na dawa ya kuyalainisha, yanamiminwa kwa katriji, katriji inaingia kwa mashine. Kuosha, kupasua bakteria na kutoa kopi, yote yanafanyika humo ndani. Jibu linatoka kwa chini ya saa mbili. Kuotesha bakteria kwa maabara huchukua wiki kadhaa.

Hiyo teknolojia ilikuwa na kazi nyingine pia. Baada ya zile barua za kimeta za 2001, posta ya Marekani iliitumia kuchunguza barua.

Lakini kinachookoa maisha hapa mtaani ni kitu kingine. Katika hizo saa mbili, mashine inaangalia pia kama TB yako imekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za kutibu TB. Kuna sehemu ya jeni ya bakteria ambayo ikibadilika, dawa hiyo inagonga mwamba. Taa zilizowekwa hapo zisipowaka inavyotakiwa, daktari anajua mapema kwamba unahitaji dawa tofauti. Bila hivyo, ungemeza tembe kwa miezi huku mdudu anakucheka.

Kwa mtoi na kwa anayemeza ARV

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HIV hubaki na kingamwili za mama kwa miezi hadi 18, kwa hivyo kile kipimo cha kawaida cha haraka kinaweza kusema ana virusi na hana. PCR inamtafuta mdudu mwenyewe, na mtoto anapimwa akiwa na wiki 6 tu. Akipatikana, anaanzishiwa dawa mara moja, kabla hajaanza kuugua.

Na kwa anayemeza ARV, ile namba ya wingi wa virusi inayotoka kliniki hupatikana kwa njia hii ya kuhesabu laivu. Virusi vikipungua hadi visionekane, mtu huyo hamwambukizi mpenzi wake kupitia ngono. Namba moja tu, lakini inabeba ndoa.

Mashine ina mipaka yake

Kwanza, ukitema mate badala ya makohozi, umeipa mashine kazi bure. Makohozi yanatoka ndani kabisa kifuani, na ya asubuhi ndiyo fiti zaidi. Watoto wadogo ambao hawawezi kukohoa hivyo wanaweza kupimwa kinyesi.

Pili, PCR inaona DNA, haijui kama mwenye DNA yu hai. Ukishatibiwa TB, mabaki ya wadudu waliokufa yanaweza kuendelea kuwasha taa. Ndio maana ukiwa kwa matibabu daktari anarudi kwa hadubini au kuotesha ili kujua kama unaendelea vyema. Na jibu la "hakuna" ukiwa bado unakohoa na kukonda, usilichukulie kama la mwisho. Rudi, useme.

Kwa hospitali za umma, dawa za TB ni bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Ile dawa ya kikohozi ya kemisti umeinunua mara ngapi sasa? Msee, kijikopo kiko hapo kinakungoja. Kohoa kutoka ndani.