Maji machafu ya vyoo vya shule: yanakwenda wapi?



Mtoto wako akiwa shuleni hutumia choo kimoja na mamia ya watoto wengine. Je, umewahi kuuliza maji machafu ya choo hicho yanaishia wapi? Wengi wetu tunakumbuka Goma, Julai 1994. Mwamba wa volkano haukuchimbika kwa urahisi, vyoo vilikosekana, watu wakachota maji ya ziwa. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu kwa muda mfupi.

Mfano wa Gikondo

Gikondo ni eneo la Kigali, wilayani Kicukiro. Juu kuna vilima vyenye nyumba nyingi, chini kuna bonde lenye kinamasi. Mtaa wa namna hii hufundisha mambo mawili. Bondeni, maji ya ardhini yako karibu sana, hivyo shimo refu hufika kwenye maji na kuyachafua. Mteremkoni, maji yanayomwagwa ardhini huweza kutokea kwa jirani wa chini au kulegeza udongo. Kambi nyingi nazo ziko juu ya vilima. Choo cha shule iliyo juu kinaweza kuchafua chemchemi ya walio chini.

Mfumo hufanyaje kazi?

Pale penye choo cha kumwagia maji, uchafu huingia kwanza kwenye tangi la septiki. Tangi zuri lina vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kikubwa zaidi. Vizito hutua chini na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka. Maji hayo yanaweza kuonekana masafi, lakini bado yana vijidudu. Kwa hiyo yapelekwe kwenye shimo la kufyonza lenye mawe, au kwenye bustani ya matete inayoyachuja. Yasiachwe kutiririka kwenye mtaro.

Hesabu ya ukubwa

Tuseme shule ina wanafunzi 600, nusu yao wasichana. Kipimo cha Sphere ni tundu 1 kwa wasichana 30 na tundu 1 kwa wavulana 60. Basi yanatakiwa matundu 10 ya wasichana na 5 ya wavulana. Kila mwanafunzi akitumia lita 10 kwa siku, ni lita 6,000. Maji yatulie ndani ya tangi angalau siku nzima, hivyo nafasi ya maji ni mita za ujazo 6. Tope nalo lina nafasi yake. Tukikadiria lita 15 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa miaka miwili ni mita za ujazo 18. Jumla ni 24. Anayesahau tope hujenga tangi dogo mara nne kuliko linalohitajika. Wanafunzi wakiongezeka, hesabu ifanywe upya.

Kabla ya kuchimba, uliza haya

1. Je, chanzo cha maji kiko umbali wa mita 30 au zaidi, na hakiko chini ya mteremko?
2. Je, chini ya shimo la kufyonza pamebaki angalau mita 1.5 kabla ya kufika maji ya ardhini, hata wakati wa masika?
3. Je, udongo umepimwa? Huchimbwa kishimo, hujazwa maji na kuachwa usiku kucha, kisha kesho yake hujazwa tena na kupimwa maji yanashuka kwa kasi gani. Yakikaa tu, shimo la kufyonza halifai hapo.
4. Je, gari la kunyonya tope litafika? Kama halifiki, tope litatolewa na nani na kupelekwa wapi?
5. Je, wasichana wana mahali pa faragha pa kujisafisha wakati wa hedhi, na watoto wenye ulemavu wana njia ya kupita?

Uchafu unaweza kuwa na faida

Taasisi ya KIST ya Kigali ilijenga mitambo ya biogesi katika magereza ya Rwanda. Kinyesi kilitoa gesi ya kupikia na kupunguza kuni. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ashden mwaka 2005. Shule ya bweni yaweza kufikiria jambo hilo.

Tahadhari

Usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani ya tangi, hata likiwa tupu. Gesi yake huua kwa dakika chache, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa naye. Mifuniko iwe mizito na ifungwe, watoto wasiifungue. Matambara, pedi na plastiki visitupwe chooni, bali kwenye pipa.

Katika mkutano ujao wa kamati ya wazazi, uliza maswali haya matano. Tangi bora bila sabuni na maji ya kunawa mikono halitamlinda mtoto. Kinga ni bora kuliko tiba.