Kupoa si kupona

Jumamosi moja asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka mabondeni, nilisimama viungani mwa mji wa Meru miongoni mwa watu wengi tuliokuwa tukisubiri kipenga cha kuanzia mbio za hisani za kilomita 10. Walikuwamo wakulima, wanafunzi, waumini wa makanisa mbalimbali na wazee waliokuja kutembea tu. Mbio za umma za namna hii si ngeni katika kaunti yetu. Zile za Lewa, zilizoanzishwa mwaka wa 2000 ili kuchangia uhifadhi wa wanyamapori, zimelipeleka jina la sehemu hii hadi ng'ambo. Kwangu mimi, hata hivyo, siku hiyo ilikuwa ya mtihani, kwani nilikuwa nikirejea barabarani baada ya kuuguza kifundo cha mguu kwa miezi minane.

Kando yangu alisimama mvulana wa shule ya sekondari aliyefungwa bendeji gotini. Alipomweleza mwalimu wake kwamba goti lingali linamuuma, alijibiwa kwa neno moja tu: "Jikaze!"

Neno hilo nalifahamu, maana niliwahi kujiambia mwenyewe. Kifundo changu kiliteguka mara ya kwanza nilipokuwa nikiteremka mlima katika barabara ya Nkubu. Baada ya majuma matatu uvimbe ulikuwa umekwisha na maumivu yametulia. Nikajitunuku shahada ya udaktari wa mifupa, nikavaa raba, nikatoka mbio. Kabla sijamaliza kilomita ya pili, kifundo kikateguka tena, vibaya kuliko awali.

La kustaajabisha ni kwamba mimi hulipwa mshahara kwa kuwafunza watu kutofautisha maneno. Darasani huonyesha jinsi konsonanti moja inavyoweza kubadilisha maana, lakini barabarani nilishindwa kutenganisha kupoa na kupona. Najua kamusi huruhusu "kupoa" kutumika kwa maana ya kupata nafuu, na pengine hapo ndipo tunapopotoka. Maumivu hupoa, jeraha hupona. Mambo hayo mawili hayaendi kwa mwendo mmoja.

Msuli hupata damu nyingi, kwa hivyo hupona upesi kiasi. Kano, zile kamba ngumu zinazoishikilia mifupa katika kiungo, hupata damu haba. Huweza kuchukua miezi kurudiwa na nguvu, ilhali maumivu yaweza kuondoka baada ya majuma machache. Isitoshe, kifundo kilichoteguka hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuuweka mwili sawa. Asiyeamini na asimame kwa mguu uliowahi kuteguka, afumbe macho, kisha aulinganishe na ule mzima. Ndiyo sababu aliyeteguka mara moja yumo hatarini kuteguka tena.

Watetezi wa "jikaze" hupenda kutukumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu. Waama, methali hiyo inawasuta wao. Mvumilivu anayesifiwa ni yule anayelingoja tunda liive, wala si yule anayelitafuna bichi huku amekunja uso.

Tutazame mfano wa David Rudisha. Tarehe 9 Agosti 2012 huko London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mwaka wa 2013 aliumia goti, akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Aliporejea mwaka wa 2014 kule Eugene, Marekani, alimaliza wa saba. Mtu aliyekuwa mwepesi kuliko binadamu wote katika masafa hayo alikubali kuwa wa saba! Mwaka wa 2015 alitwaa dhahabu ya dunia mjini Beijing, na mwaka wa 2016 dhahabu ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro.

Nami, nisiye Rudisha, siku ile nilikimbia dakika nne na kutembea moja, na kila mteremko niliushuka kwa miguu. Akina mama wawili wazee walinipita wakinitania. Karibu na kilomita ya sita nilimkuta yule mvulana ameketi ukingoni mwa barabara, amelishika goti kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mbona hukuacha mapema?" nikamwuliza.

"Ningeonekana mwoga, mwalimu."

Nilikaa naye hadi watu wa huduma ya kwanza walipofika, kisha nikaenda kumaliza nikiwa miongoni mwa wa mwisho. Kifundo hakikuniuma, lakini jibu lile liliniuma na linaniuma hadi leo. Mtoto aliyejifunza kuficha maumivu uwanjani atayaficha pia bwenini na darasani, nasi tutamwita jasiri.

Walimu wenzangu, mwanafunzi aliyeumia asirudishwe uwanjani kwa kuwa hachechemei tena. Na atembee kwanza bila maumivu, aruke kwa mguu ule ule mmoja, akimbie polepole, kisha ndipo ashindane. Nanyi wanafunzi, kusema "naumia" si woga. Ni kutoa habari, na mwalimu asiyepewa habari hawezi kuamua vyema. Lugha yetu ina neno "jikaze", lakini ina pia neno "pole". Tujifunze kulitumia hilo la pili kwa wakati wake.