Je, Wajua? Wapagazi Kumi na Sita Ndani ya Sabufa Yako

Pita Ng'ambo au Isevya hapa Tabora jioni, sabufa zinalia kibanda hadi kibanda. Chini ya kila wimbo kuna kingine kinacholia: mvumo mzito usiokata, au mlio mwembamba kama wa mbu unaogeuka kila flashi inaposomwa. Ukiuliza, utajibiwa kwamba nyimbo za zamani ndivyo zilivyo, hasa ikiwa wanaopiga ni bendi za hapa kama Kiko Kids, Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz. Wanasingiziwa. Simamisha wimbo, acha sabufa imewashwa. Mvumo upo palepale, na hao wanamuziki wameshanyamaza.

Kosa limekaa kwenye bodi ndogo iliyo kati ya flashi na amplifaya. Mafundi wengi huiita bodi ya flashi, lakini kazi yake hasa ni ukalimani: inapokea namba na kutoa umeme unaopanda na kushuka, ambao spika inaweza kuufuata. Mimi nitaiita kigeuzi. Naipenda bodi hii, na inaniuma kuona inatupwa kila siku kwa makosa yasiyo yake.

Kwa mtu wa Tabora kigeuzi si kigumu kukieleza, kwa kuwa mji huu ulikua kwa miguu ya wapagazi. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, bidhaa kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji zilikwenda mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi. Sasa chukua wapagazi 16 uwapange mstari mmoja. Wa mwisho amebeba kete moja, anayemtangulia mbili, wa mbele yake nne, kisha nane, na kila mmoja mara mbili ya anayemfuata, mpaka wa kwanza mwenye kete 32,768. Ukiwaambia baadhi wanyanyue na baadhi watue, unaweza kupata uzito wowote kuanzia sifuri hadi 65,535. Ndivyo namba za CD zinavyosomwa tangu Philips na Sony walipoileta sokoni mwaka 1982: biti 16, na amri ya kunyanyua na kutua inatolewa mara 44,100 kila sekunde.

Msafara ulikuwa pia na kirangozi, aliyetangulia akishika mwendo wa wote. Aliyempita njiani alitozwa faini. Kigeuzi kina kirangozi wake, saa ya umeme inayopiga kwa mpigo ulio sawa. Saa hiyo ikiyumba, namba sahihi inatoka kwa wakati usio sahihi, na sauti inapoteza ukali wake, hasa kwenye matoazi na nyuzi nyembamba za gitaa.

Ila mzigo wenye hatari kuliko yote ni wa yule mpagazi wa kwanza, mwenye kete 32,768. Akikosea sehemu moja tu kati ya 32,768, kosa lake peke yake ni sawa na mzigo mzima wa yule wa mwisho. Hakuna kiwanda kinachoweza kuchonga vipande vya silikoni vilingane kiasi hicho kwa bei ya kawaida. Wahandisi wa Philips walipata dawa ambayo kila nikiifikiria nafurahi. Walikubali kwamba mizigo haitalingana, wakaamuru ibadilishwe mabega. Ndani ya aisii yao ya TDA1541A, mkondo wa umeme unagawanywa nusu mbili zisizolingana sawasawa, kisha swichi zinazibadilishana kwa kasi, upande huu ushike nusu nono, upande ule nusu nyembamba, mara kinyume chake. Kila upande ukishapata zamu zake, wastani unalingana. Mabaki ya kubadilishana huko yanalainishwa na kapasita 14 ndogo zilizopangwa kuizunguka aisii. Mashine nyingi za CD za mwishoni mwa miaka ya 1980 zina aisii hiyo. Ukiiona moja imetupwa na mkanda wake umekatika, usiipite. Wapenzi wa sauti duniani wanaitafuta, na mojawapo ya marekebisho yao ni kubadili kapasita hizo 14 kwa nyingine mpya zenye miguu mifupi, zikae karibu kabisa na aisii.

Bodi za leo zimeacha mstari mrefu wa wapagazi. Zinatumia wachache wanaokimbia mara nyingi zaidi. Mfano wake ni bodi ndogo ya zambarau yenye aisii ya PCM5102A, ambayo mafundi na wanafunzi huiagiza kuiunga na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Ina kituko kimoja kilichoua bodi nyingi nzima. Nyuma yake kuna vituo vidogo vya kuunganishwa kwa tone la risasi, na kimoja, cha XSMT, kisipopelekwa upande wa juu aisii inabaki imezibwa mdomo: haitoi sauti kabisa. Kituo kingine kwenye bodi ni cha SCK, kinachotakiwa kuungwa na hasi iwapo kompyuta haitoi saa yake. Mtu anaunga nyaya zote sawasawa, hasikii kitu, anasema kauziwa bodi mbovu, anaitupa. Matone mawili ya risasi yangetosha.

Sasa turudi kwenye mvumo. Kigeuzi hakitengenezi umeme. Kinaukata na kuupima ule ule unaokipa, na ukikipa mchafu unasikia uchafu. Wapagazi waliishi kwa posho. Posho ya kigeuzi ni saplai. Chukua volti 2 uzigawe kwa ngazi 65,536, ngazi moja inakuwa mikrovolti 30 hivi. Chaja ya simu ya bei ya chini inaweza kutikisika kwa milivolti 50, yaani zaidi ya ngazi 1,600. Aisii nzuri huzuia sehemu kubwa ya mtikisiko huo. Zile za bodi za bei ya chini huzuia kidogo.

Adui mkubwa zaidi ni waya hasi, na hapa ndipo sabufa zetu nyingi zinapokosewa. Amplifaya na bodi ya flashi hulishwa kutoka betri moja ya sola ya volti 12, na hasi zao zinapita waya mmoja mwembamba. Amplifaya ikivuta ampea 2 katika waya wenye ukinzani wa omu 0.05, inazaliwa volti 0.1 kwenye waya huo. Bodi inaiona volti hiyo kama sehemu ya muziki na amplifaya inaikuza. Dawa haihitaji kifaa chochote: kata hasi ya bodi, ipe waya wake yenyewe hadi kwenye ncha ya betri, au kwenye kapasita kubwa ya saplai kama sabufa ni ya umeme wa nyumbani. Waya nusu mita. Nimeona sabufa iliyokwisha kuandikiwa kifo ikiacha kuvuma kabisa kwa kazi hiyo moja.

Kama mvumo haujaisha, tenganisha posho. Badala ya chaja ya kukatakata umeme, tumia aisii ya 7805, inayoshusha umeme hadi volti 5. Bodi inayokula miliampea 50 kutoka volti 12 inaipa joto la wati 0.35 tu, ambalo halidai hata bati la kupozea. Mahali ambapo hasi haziwezi kuachanishwa, kuna kipande kiitwacho B0505S kinachopitisha umeme bila nyaya za pande mbili kugusana. Kwenye bodi za Bluetooth kinaondoa ule mlio wa mbu. Mwishowe weka kapasita iliyoandikwa 104 karibu na miguu ya umeme ya aisii, na ung'oe zile za elektroliti zilizovimba. Hizo hufa kwa joto: kila nyuzi 10 zinapoongezeka, umri wake hupungua karibu nusu. Katika kibanda cha bati cha Oktoba hapa Tabora, chagua zilizoandikwa 105°C, usikubali za 85. Na sabufa ya umeme wa nyumbani usiifungue ikiwa kwenye plagi.

Sipendi ushauri wa kuanza na aisii ya gharama kubwa. Mtu anatumia fedha kununua aisii yenye jina, nyingi zikiwa zimefutwa na kuandikwa upya, huku posho mbovu ikiwa ileile. Pia kigeuzi kizuri hakirudishi kilichopotea. Kanda za Radio Tanzania ziko Dar es Salaam chini ya TBC, lakini zinazotufikia mitaani ni nakala za nakala, zimebanwa mpaka gitaa la besi limegeuka kishindo tu. Mji uliozaa bendi zile unastahili kuwa na nakala safi katika maktaba yake.

Na bodi zinazokufa zinachomwa pamoja na taka za sokoni. Risasi iliyomo ni sumu, kwa watoto zaidi. Bodi moja iliyokufa bado ina rizista, soketi, swichi na fuwele ya saa vinavyofaa kwa miaka mingi. Fundi mwenye kopo la vipuri hivyo hahitaji kuagiza kila kitu Dar.

Kigeuzi kimo pia katika simu yako, televisheni, king'amuzi, spika ya msikiti na ya kanisa, redio ya bajaji, kengele ya shule ya kurekodiwa.

Leo jioni simamisha wimbo usikilize. Sabufa ikivuma, usinunue nyingine. Mpelekee fundi wako, umwambie aanze na waya hasi.