Reli na bandari zikija Katavi, tenda zitamfikia nani?

Bandari ya Karema, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, ilijengwa kwa takriban shilingi bilioni 48. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna Kalemie na Moba, miji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yenye kuhitaji saruji, mchele na bidhaa za viwandani. Serikali imepanga kuiunganisha bandari hiyo na reli ya kisasa, SGR, kupitia Mpanda hadi Kaliua. Upande wa kaskazini, mkataba wa kujenga reli ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na mwaka 2025 likawekwa jiwe la msingi la reli ya Uvinza hadi Musongati, Burundi.

Kwa mfanyabiashara wa Mpanda, neema ya miradi ya aina hii huanza kabla treni haijapiga honi. Huanza siku mkandarasi anapoweka kambi.

Mkandarasi mkuu, mara nyingi kampuni ya nje, hupewa mkataba mmoja mnono. Hawezi kufanya yote peke yake. Sehemu ya kazi huigawa kwa wakandarasi wadogo na wazabuni: kokoto na mchanga, tipa za kubebea kifusi, mabasi ya wafanyakazi, ulinzi, sare, matengenezo ya magari, malazi na chakula cha kambini. Mengi ya hayo Katavi inayaweza. Mchele unalimwa Mpimbwe, asali inatoka Inyonga, ng'ombe wapo, na mafundi gereji hawajawahi kukosekana Mpanda.

Kinachowakwamisha wengi ni makaratasi na mtaji, si ujuzi. Chukua mfano wa mama lishe anayepata kazi ya kulisha wafanyakazi 200, milo miwili kwa siku, sahani moja shilingi 2,500. Kila siku anadai shilingi milioni moja. Mkataba ukisema ankara italipwa baada ya siku 60, atahudumia chakula cha shilingi milioni 60 kabla hajaona malipo ya kwanza. Wakati huo muuza nyama anataka chake leo, na wapishi wanangoja mshahara mwisho wa mwezi. Asiye na akiba wala benki ya kumkopesha kwa kuitegemea oda hiyo ataacha kazi njiani, na nafasi yake itachukuliwa na kampuni kubwa kutoka Dar es Salaam au Mwanza.

Funzo lipo jirani, mkoani Tabora. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Kiwanda cha kuyawekea mabomba hayo mfumo wa kuhifadhi joto kilijengwa Sojo, wilayani Nzega. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inataka bidhaa na huduma zinazopatikana nchini zinunuliwe kwa Watanzania. Zisipopatikana, kampuni ya nje inayozileta lazima iingie ubia na kampuni ya Kitanzania yenye hisa zisizopungua asilimia 25. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, nayo ina kanzidata ya wazabuni wa ndani. Bomba halipiti Katavi, lakini kampuni ya Mpanda inaweza kujisajili humo kama ilivyo ya Nzega.

Kwa zabuni za serikali yenyewe, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake zimefungua milango zaidi. Kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zimetengwa kwa makandarasi wa ndani, na asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma ni ya makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni hizo hupita kwenye mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, NeST, na asiyejisajili humo hawezi kuziomba. Lakini kazi ndogo ambazo mkandarasi mkuu huzigawa mwenyewe ni jambo jingine. Hapo kinachomlinda mzawa ni masharti yaliyoandikwa kwenye mkataba mkuu tangu mwanzo.

Mpanda imewahi kupata reli. Njia ya kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na mwaka 1960 mgodi huo ukafungwa. Reli ilibaki na imewasafirisha watu na mazao hadi leo. Safari hii mkoa unahitaji kubaki pia na kampuni zilizokomaa, zenye mitambo, hesabu safi na rekodi ya kazi zilizokamilika.

Kwa hiyo wenye tipa na mafundi wa Mpanda waanze sasa: wasajili kampuni kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, wapate namba ya mlipakodi, wajiandikishe NeST, na wa ujenzi waombe daraja Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Wenye mitaji midogo waungane wawili watatu kwa ubia. Halmashauri na uongozi wa mkoa nao waidai mapema orodha ya kazi zitakazogawiwa, iwekwe hadharani, na tarehe ya malipo kwa wazabuni wadogo iandikwe kwenye mkataba kabla katapila la kwanza halijashushwa.