Kitufe Kidogo, Neno Refu: Tusikilaumu Kiswahili

Hivi majuzi nilizuru shule moja ya upili huko Subukia, kaunti ya Nakuru. Katika chumba cha kompyuta nilimkuta mwanafunzi ameikodolea macho skrini ndogo ya mashine kuukuu. Programu ilikuwa ya Kiswahili, na vitufe viwili mbele yake viliandikwa vile vile: "Fung". Kimoja kilikuwa cha "Fungua", kingine cha "Funga". Herufi za mwisho zilikuwa zimemezwa na ukingo. Alibahatisha, na insha yake ikatoweka machoni pake.

Mwalimu wake alihukumu papo hapo kwamba Kiswahili kina maneno marefu mno, na heri kurejea kwenye Kiingereza. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Tukubali kwanza lililo kweli. Amri ya Kiingereza "Save" ina herufi nne. "Hifadhi" ina saba. Nafasi nayo ilikuwa haba tangu awali: kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, iliyosaidia kueneza mtindo wa madirisha na menyu, ilikuwa na skrini ya nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo. Waliobuni vitufe hivyo walivipima kwa maneno ya lugha yao wenyewe.

Hata hivyo, mizani ina upande wa pili. Kueleza kwamba faili "halijahifadhiwa", sisi hutumia neno moja la herufi 15. Mwingereza husema "has not been saved": herufi 15 vilevile, na nafasi tatu juu yake. Ngeli, ukanushi, wakati na kauli ya kutendwa, vyote tumevifumbata katika neno moja. Basi Kiswahili si lugha ya maneno mengi. Tofauti ni kwamba maneno ya Kiingereza huachana penye nafasi yakashuka mstari wa pili, ilhali letu husimama kama nguzo. Programu isiyozijua silabi zake hulikata mkia.

Dawa ipo. Silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, hivyo kanuni ya kuligawa neno ni nyepesi: ha-li-ja-hi-fa-dhi-wa. Waundaji wa programu waifuate, na kitufe kipanuke kulifuata neno. Watafsiri nao wateue amri fupi: Kata, Nakili, Bandika, Ghairi. Njia ilikwisha kufunguliwa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Nanyi walimu, msingoje. Mkulima wa Subukia mwenye kishamba hupanda maharagwe kati ya mahindi, wala haachi kulima. Wafundisheni wanafunzi kufunga madirisha wasiyoyatumia, kuficha safu za vitufe zisizohitajika, na kutuliza kishale juu ya kitufe ili, mara nyingi, jina lake kamili lijitokeze. Kabla ya kubahatisha lolote, wabonyeze Ctrl pamoja na S, ambavyo katika programu nyingi huhifadhi kazi.

Kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya jirani ikitubana, hatukati mkono, tunamwita fundi.